MAGANDA YA DAFROZA — Sehemu ya Saba: Maiti Aliyeogopa Siafu

Tajiri Protase alikuwa bado yuko chini.

Chali, miguu huku, kofia kule, povu mdomoni, na glasi tupu imebingirika mpaka kwenye viatu vya Katekista Elpidius. Ndivyo tulivyomwacha wiki iliyopita mbele ya kijiji kizima cha Rwabitoke, kwenye uwanja wa kigango, na hakuna aliyethubutu kumsogeza tangu hapo.

Kwa wewe ambaye gazeti lako la wiki jana liliishia kufungia maandazi, habari ni hii. Dafroza ni binti wa hapa hapa, aliyesomea kazi za maabara, akazifanya Mwanza, kisha akarudi nyumbani na mapipa. Pipa analijaza maganda ya ndizi yaliyokaushwa na kusagwa, maji ya kijito cha Kanyamaizi yanapita humo, maganda yanakamata risasi, maji yanatoka safi. Si risasi ya bunduki! Ni yale madini mazito ambayo mtu anayanywa bila kuyaona wala kuyaonja, yanamwingia taratibu mpaka kwenye mifupa, na mtoto yanamdumaza akili.

Juu ya kijito hicho kuna mtambo wa Protase wa kuoshea madini ya bati. Unaanza kunielewa.

Siku hiyo kijiji kilikuwa kinaamua kama mapipa yabaki au yang'olewe. Protase akasimama, akajimiminia glasi ya maji ya pipa, akasema, "Acheni mimi nionje kwa niaba yenu, wapendwa." Akanywa. Akaanguka.

"Kamuua!" mtu akapiga kelele.

"Kamuua kwa maganda!"

"Mawe, mama yangu wee! Mtu mzima kuuawa na ndizi!"

Umati ukasogea. Vijana wa mtamboni walikuwa mbele, na mmoja wao alishaokota kipande cha tofali. Gideon, dereva wa bodaboda na mchumba wa Dafroza, akavaa helmeti yake, akasimama mbele ya mpenzi wake mikono imetanuka kama golikipa anayesubiri penalti.

"Anayemtaka huyu apite kwangu," akasema.

Kwa kitambo kifupi hata Dafroza aliamini. Alijiona tayari yuko mahabusu Kayanga, shangazi yake akimletea uji kwenye chupa ya chai. Kisha akili ya maabara ikamrudia. Risasi haiui hivi! Risasi ina subira, inamla mtu mwaka hadi mwaka. Mtu hawezi kunywa glasi moja akadondoka kama gunia la kahawa.

Akapiga magoti, akashika mkono wa marehemu.

Mapigo ya moyo yalikuwa yanakwenda kama ngoma ya harusi.

Akainama karibu na mdomo. Lile povu lilinukia mnanaa. Ilikuwa dawa ya meno.

"Ala!" Dafroza akasema moyoni. "Mzee huyu kaja na povu lake kutoka nyumbani."

Lakini angemwambia nani? Wale vijana hawakuja kusikiliza habari za dawa ya meno. Angesema "anajifanya", wangemponda kabla hajamaliza sentensi. Akainua macho, akatafuta pa kushika. Pembeni ya uwanja ilikuwa mibuni ya kigango, yenye kivuli kizuri, na chini ya mibuni ile ulipita mstari mweusi, mnene, wenye haraka zake.

Siafu.

"Bado anapumua!" Dafroza akapaza sauti. "Mpelekeni kivulini, haraka! Pale kwenye mibuni. Mlazeni vizuri, anahitaji hewa."

Wanaume wanne wakambeba. Protase, kwa kuwa alikuwa amekufa, hakuweza kuuliza anapelekwa wapi.

"Marehemu ni mzito jamani," alilalamika mmoja.

"Si alikuwa anakula," akajibu shangazi Adelgunda, mpika rubisi, ile pombe ya ndizi, maarufu kuanzia Mabira hadi Bugomora, mwanamke ambaye hajawahi kunyamaza hata kwenye mazishi ya mumewe. "Mlazeni hapo. Hapana, sogezeni kidogo. Hapo hapo. Safi."

Alikuwa ameshaelewa. Shangazi Adelgunda huelewa mapema, tatizo ni kwamba huwa haelewi yote. Hilo tutaliona baadaye.

Katekista Elpidius, aliyekuwa hajasikia habari za kupumua, akafungua kitabu chake, akavaa miwani.

"Tumsindikize ndugu yetu Protase," akaanza kwa huzuni, "mtu mpole, mtu mkarimu, aliyeahidi kutuezekea kigango hiki..."

Kidole gumba cha mguu wa marehemu kikacheza.

"...aliyekuwa tayari kwa safari yake..."

Marehemu akakunja paja. Akalikunjua. Jasho likamtoka kwenye paji la uso, nalo povu likaanza kukauka.

"...mtu wa subira..."

"UWIIII!"

Protase aliruka kutoka ardhini bila kupitia hatua ya kukaa. Alijipiga makofi mapajani, alijipiga mgongoni, alizunguka mibuni akipiga mayowe yasiyo na lugha, na alipoona mayowe hayasaidii, akafungua mkanda. Suruali ikaruka upande mmoja, yeye upande mwingine. Tajiri wa bati wa Rwabitoke akabaki uwanjani mwa kigango na bukta ya njano, akicheza ngoma ambayo wazee wa Kinyambo hawajawahi kuicheza.

"Amefufuka!" Katekista Elpidius akaanguka kifudifudi.

"Kafufuka bila suruali, Katekista," shangazi Adelgunda akamwambia. "Inuka, usije ukasali mahali pabaya."

Kijiji kikapasuka kwa kicheko. Kina mama walishikana mabega. Yule kijana wa tofali alicheka mpaka tofali likamwangukia mguuni, akaendelea kucheka. Gideon akavua helmeti ili acheke vizuri zaidi.

Dafroza peke yake hakucheka. Alikuwa anahema kama mtu aliyetolewa majini.

Sasa, msomaji, usimdharau Protase. Mtu hajengi mtambo kwa upumbavu. Aliivaa suruali yake polepole, akaipangusa kofia, na kufikia wakati anafunga mkanda, uso ulikuwa umesharudi kuwa wa tajiri.

"Mmecheka?" akauliza. "Vizuri. Chekeni. Nilikuwa nawafundisha."

"Ulikuwa unatufundisha kukata viuno?" Adelgunda akauliza.

"Nilikuwa nawafundisha kwamba mnaamini ovyo! Nimelala chini, mkaamini nimekufa. Huyu binti anawaambia maji yake ni safi, mnaamini ni safi. Nani kapima? Haya, apime! Apime sasa hivi, mbele yetu wote. Akionyesha maji haya ni safi, mimi mwenyewe nitambebea mapipa kwa kichwa."

Hoja ilikuwa na miguu.

"Napima," Dafroza akasema.

Alisema kwa furaha, kwa kweli. Hiki ndicho alichokitaka tangu asubuhi, kabla watu hawajaanza kufa na kufufuka. Akafungua mkoba wake, akatoa karatasi za kupimia na chupa ya dawa.

"Karatasi ikibaki nyeupe, hakuna risasi ya kuogopa. Ikigeuka zambarau, mtu asinywe. Tunaanza na maji ya kijito."

Akachovya karatasi, akaidondoshea dawa. Karatasi ikageuka zambarau kama kanzu ya kwaresima. Watu wakaguna.

"Sasa maji ya pipa."

Akachovya karatasi ya pili, akainyanyua juu ili wote waone, akitabasamu.

Tabasamu lilidumu kwa muda mfupi sana.

Karatasi ilianza kubadilika pembeni, kisha katikati, kisha yote. Zambarau. Zambarau ile ile.

Hakuna aliyecheka. Hata shangazi Adelgunda alifunga mdomo, jambo ambalo lingestahili habari yake peke yake.

"Sioni vizuri," Protase akasema kwa upole mwingi. "Hebu nisaidieni. Hii rangi inaitwaje?"

Kutoka katikati ya watu akaja Theoneste, mtu mwembamba, mkimya, anayeshinda kwenye matope ya mtambo wa Protase akichekecha bati. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kijijini kupokea pipa nyumbani kwake, ingawa tajiri wake alimkataza. Mkewe, Kantengwa, alikuwa mjamzito, na tumbo lilikuwa limeshakuwa kubwa.

"Dada Dafroza," akasema taratibu, "mke wangu anakunywa maji haya kila siku. Ulituambia ni kwa ajili ya mtoto."

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu.

Dafroza aliiona sura ya Kantengwa akikinga kikombe bombani, akisema asante, akinywa mpaka tone la mwisho. Mikono yenyewe ikamwongoza kwenye pipa, akang'oa kifuniko, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko.

Akatoa konzi ya maganda. Hayakuwa unga wa kahawia, laini, aliouzoea. Yalikuwa uji mweusi, umeshikana, unanata vidoleni, unanuka uvundo.

Akageuka polepole sana.

"Gideon."

Gideon akavaa helmeti tena.

"Gideon, maganda ya pipa hili uliyabadilisha lini?"

"Si nilikwambia nimebadilisha?"

"Uliniambia. Nauliza ulibadilisha lini."

"Ilikuwa... unajua siku ile nilipata abiria wa Bugomora, wa msibani, halafu njiani tairi..."

"Gideon!"

"Sikubadilisha," akasema Gideon ndani ya helmeti. "Nilifika nikaona yako sawa tu. Maganda ni maganda, mpenzi. Niliona yamejaa mpaka juu."

"Yamejaa!" Dafroza akapaza sauti, na hasira ikamrudishia nguvu. "Hilo ndilo tatizo, yamejaa! Ganda lina nafasi zake za kushikilia risasi. Zikijaa, halishiki tena. Wewe pikipiki yako ukishapakia watatu, wa nne unamweka wapi?"

"Kwenye tenki," mtu akajibu kutoka nyuma.

"Huyu wa nne hana tenki! Anaendelea na safari, anaingia kwenye glasi!"

Akawageukia watu. Machozi yalikuwa karibu, akayameza.

"Nisikilizeni. Pipa hili ni la maonyesho, nilimwachia Gideon alihudumie, na leo nimelileta bila kulipima. Hapo nimekosea mimi, si yeye peke yake. Lakini mapipa ya majumbani nayabadilisha kwa mkono wangu na nayapima kila ninapoyabadilisha. Theoneste, la kwako nimelipima juzi. Karatasi ilikuwa nyeupe. Kantengwa mwenyewe aliishika."

"Ni kweli," akasema Theoneste. "Alinionyesha ile karatasi. Kaichomeka ukutani."

"Maneno," Protase akasema. "Mimi naona zambarau tu."

"Basi subiri uone nyeupe. Shangazi! Kile kiroba kipya cha unga kiko wapi?"

"Nimekikalia," akajibu Adelgunda, akanyanyuka.

Wakamwaga ule uji mweusi kwenye ndoo, wakaifunika. Wakasuuza pipa. Dafroza akapanga upya kwa mikono yake: changarawe chini, juu yake mkaa wa makapi ya kahawa, kisha unga mpya wa maganda, akiushindilia kwa ngumi kama mtu anayemshindilia mchumba wake. Gideon akabeba ndoo za maji ya kijito bila kuambiwa, na hakuna aliyewahi kumwona akibeba maji kwa adabu namna ile.

Maji yakamiminwa juu. Yakachukua muda wake kushuka. Karanga zikauzwa. Katekista akajipaka mafuta alipoumwa na siafu, maana nao walikuwa wamempitia pale alipoanguka kifudifudi. Mwishowe bomba la chini likatoa tone, likatoa jingine, kisha uzi mwembamba wa maji.

Dafroza akayaacha ya mwanzo yamwagike. Akakinga. Akachovya karatasi.

Safari hii hakutabasamu.

Karatasi ikalowa. Ikabaki nyeupe. Wakasubiri. Ikabaki nyeupe. Theoneste akaichukua, akaigeuza, akaiangalia nyuma, akampa jirani, ikapita mkono kwa mkono mpaka kwenye ukuta wa kigango na kurudi, nyeupe, ila ilikuwa imepata alama za vidole vya karanga.

Adelgunda akapiga vigelegele, na kina mama wakaitikia. Gideon akataka kumkumbatia Dafroza. Akasukumwa. Akajaribu tena, akasukumwa kwa nguvu pungufu kidogo, akaelewa kuwa kuna matumaini.

Mapipa yangepigiwa kura hapo hapo na hadithi yetu ingeishia kwenye pilau, kama Protase angejua kunyamaza.

Alikuwa amesimama peke yake, anaitazama ile ndoo iliyofunikwa. Anaitazama kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa.

"Binti," akasema, "hebu nieleweshe. Hiyo risasi iliyotoka kwenye maji, imekwenda wapi?"

"Imebaki kwenye maganda."

"Imo humo? Kwenye ndoo?"

"Imo humo."

"Risasi tu? Au na bati?"

"Chochote kilichokuwa kwenye maji na ganda likaweza kukishika. Huenda na bati kidogo limo."

Macho ya tajiri yakapanuka. Alianza kupiga hesabu, na midomo ilikuwa inacheza.

"Na hayo mapipa mengine, yote ya kijijini, maganda yake yaliyojaa mnayaweka?"

"Tunayahifadhi. Si ya kutupa ovyo."

"Basi ni yangu!" Protase akasema.

"Nini yako?"

"Maganda! Mnachukua bati langu kwa mlango wa nyuma, mnalificha kwenye maganda ya ndizi, mnaniita mimi mbaya! Huu ni wizi! Kila kinachotoka kwenye mtambo wangu ni mali yangu. Nina leseni!"

Dafroza akamkaribia. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa tamu kama ya mhudumu wa benki.

"Mzee Protase, samahani. Wa nyuma hawajasikia."

"Nasema hivi!" Protase akapanda juu ya benchi ili wa nyuma wasikie. "Hayo madini yote yaliyo kwenye maji ya Kanyamaizi yanatoka kwenye mtambo wangu! Risasi yangu! Bati langu! Matope yangu! Hakuna mwingine mwenye mtambo kwenye mto huu! Mtu asiyaguse!"

Wa nyuma walisikia. Nadhani hata watu wa Kiruruma, kule mbali, walisikia.

Kisha uso wa Protase ukaanza kubadilika, taratibu, kama ile karatasi.

"Tajiri," Theoneste akasema, "ulituambia matope yote yanaishia bwawani."

"Nilikuwa... nazungumza kwa mfano."

"Ulituambia risasi ya Kanyamaizi ni ya asili. Ipo tangu enzi za babu zetu."

"Theoneste, kumbuka unafanya kazi kwa nani."

"Nakumbuka," akasema Theoneste. Mtu ambaye baba yake alikuja nchi hii na mkeka tu begani hazoei kumjibu tajiri mbele za watu. Lakini alimjibu. "Ule mfereji unaoruka bwawa na kuingia mtoni, niliuchimba mimi. Ulisema ni wa maji ya mvua. Mkitaka nitawaonyesha ulipo, sasa hivi."

Ukawa ndio mwisho wa mkutano kwa upande wa Protase. Mikono ilinyooshwa mingi hata mwenyekiti wa kijiji akaacha kuihesabu: mapipa yabaki, mfereji uzibwe leo, na maofisa wa maji wa wilaya waitwe wauone wenyewe. Katekista Elpidius alinyoosha yote miwili. Hata yule kijana wa tofali alinyoosha mkono, na tofali likiwemo.

Protase akashuka kwenye benchi, akapita katikati ya watu bila kumtazama mtu, akaingia kwenye gari lake.

"Usije ukafa njiani!" Adelgunda akamtakia safari njema.

Dafroza alikaa chini kwenye nyasi. Jua lilikuwa limesimama utosini. Kina mama walikuja mmoja mmoja kumshika mkono, wakimwita Mama Maganda, na safari hii hawakuwa wanamkejeli. Theoneste naye alikuja, akasimama tu pale mbele yake, akamwitikia kwa kichwa, akaondoka kwenda kumwambia mkewe. Ilimtosha Dafroza.

"Umenisamehe?" Gideon akauliza.

"Beba hiyo ndoo."

"Hiyo ni ndiyo?"

"Beba ndoo, Gide. Hayo maganda yaliyojaa yana sumu kuliko mto wenyewe, hayawezi kulala hapa. Yanakwenda shimoni pamoja na mengine."

Shimo lilikuwa nyuma ya nyumba ya shangazi, hatua chache kutoka kigangoni, kati ya migomba na banda la mbuzi. Dafroza alilichimbisha mwenyewe, akalisakafia kwa saruji ili kitu kisivuje, akalifunika kwa bati zito. Humo ndimo yalimokuwa yanakaa maganda yote yaliyofanya kazi yake, ya kijiji kizima, yamekaushwa na kufungwa kwenye magunia, yakisubiri apate mahali salama pa kuyapeleka.

Wakafika watatu: Dafroza mbele, Gideon na ndoo, shangazi Adelgunda nyuma akiimba.

Gideon akafunua bati.

Shimo lilikuwa tupu. Limefagiliwa.

Dafroza akainama, akaangalia kila pembe, kana kwamba magunia ya maganda yanaweza kujificha kwenye kona.

"Protase," Gideon akanong'ona. "Katuibia!"

"Protase gani?" Adelgunda akasema kwa dharau. "Huyo anaweza kuiba hapa mimi nikiwepo? Nimeyachukua mimi."

Dafroza akasimama wima polepole.

"Umeyachukua ukayafanya nini, shangazi?"

"Hee, mbona unaniangalia hivyo? Yalikuwa yanakaa bure tu. Maganda makavu, mazuri, mengi! Nimeyachoma. Nimepata majivu meupe, nimeyachuja, nimepata magadi. Unadhani bibi yako alilainisha maharage kwa kitu gani, kabla ya haya magadi ya dukani? Magadi ya ganda la ndizi, mwanangu. Maharage yanaiva hujamaliza kupepea kuni."

"Shangazi," sauti ya Dafroza ilikuwa imebaki ndogo sana. "Nilikwambia usiyaguse."

"Uliniambia mbuzi wasile. Mbuzi hawajala!"

"Yamejaa risasi! Ukiyachoma, ganda linaondoka, risasi inabaki kwenye majivu na magadi yake! Yote, ya kijiji kizima, umeikusanya mahali pamoja!"

Shangazi Adelgunda akashika nguzo ya banda la mbuzi.

"Ruhanga wange, Mungu wangu," akasema.

"Hayo magadi yako wapi? Shangazi! Yako wapi?"

"Nimempa mpishi."

"Mpishi yupi?"

"Wa shule ya msingi. Ng'ambo pale. Alilalamika maharage ya msaada ni magumu kama kokoto, watoto yanawaumiza matumbo. Nikamwonea huruma. Nikampa debe zima, asubuhi hii. Alisema leo leo anayapikia."

Gideon alikuwa ameshaitupa ndoo, amerukia pikipiki yake iliyokuwa imeegeshwa kwenye migomba. Akapiga kiki. Pikipiki ikakohoa, ikanyamaza. Akapiga tena.

Dafroza alikuwa na simu sikioni, kidole kimeziba sikio la pili. Iliita. Iliita tena. Ng'ambo ya bonde aliona moshi wa jiko la shule umepungua, umebaki uzi mwembamba, ule unaoonekana sufuria zikishaipuliwa.

"Halo?" Ilikuwa sauti ya mwalimu Placida, mwalimu mkuu, nzito kidogo, kama ya mtu mwenye kitu mdomoni.

"Mwalimu, shikamoo, ni Dafroza! Watoto wameshakula?"

"Marahaba, mwanangu. Watoto? Bado, ndiyo kwanza wanapanga mstari, unawasikia wanavyoimba." Akatafuna. Akameza. "Tumeanza walimu, si unajua utaratibu wetu. Weee, Dafroza, maharage ya leo! Sijui huyu mpishi kayafanyaje. Yanayeyuka yenyewe!"

"Mwalimu, temeni! Msile! Zuia wa—"

Simu ikakatika.

Gideon akapiga kiki ya mwisho kwa nguvu zake zote, na kutoka ng'ambo ya bonde, kwa uwazi kabisa, ikalia kengele ya chakula.